Fomu ya Mzee Lekishon

Karatu, Jumanne

Nimekasirika, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Leo, wiki ya tatu ya mafunzo kwa vitendo hospitalini, nilijiona mshauri nasaha kweli. Mzee Lekishon, mfugaji wa Arash aliyekatwa mguu, alikubali kila nilichopendekeza. Mguu wa bandia, sawa. Kushona katambuga, viatu vya matairi, akiwa ameketi, sawa. "Sawa, daktari," na mimi wala si daktari. Kwenye fomu nikaandika: ana matumaini.

Baadaye mke wake alinifuata koridoni. "Binti yangu, anakuitikia kwa heshima tu. Jana aliwapigia wanawe simu, akawagawia ng'ombe wote."

Nikamjibu, tena kwa furaha, kwamba ni vizuri mzee amepanga mambo ya familia. Kwetu Endamarariek baba aligawa shamba akiwa mzima, na jioni tukala makande.

Alinitazama kwa huruma. "Kwetu baba akigawa wote, anaaga."

Mihula miwili ya uzamili nimesoma namna ya kumsikiliza aliyekata tamaa, halafu...

Msimamizi wangu ameshasaini fomu. Amenisifu.

Kesho nitakwenda bila kalamu. Leo nilikaa naye saa nzima, na sikumuuliza hata jina la ng'ombe mmoja.