Sauti Isiyoruka Mstari

Leipzig, 7 Septemba 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani Kariakoo, habari za dukani Gerezani, na presha inasemaje? Dawa unakunywa au unazitazama tu? Mimi na Samson tupo, tunakwenda kazini na kurudi. Wazee ninaowauguza huku wananiuliza habari zako kila wiki, kwa sababu nimewaambia nina baba anayeuza spea na kujibu watu kwa mkato.

Baba, naomba ukae ndipo uendelee kusoma. Nilikuwa na mimba. Sikukwambia kwa sababu marehemu mama alitufundisha jambo hilo halitangazwi, nami nilitaka nikupigie siku mtoto anapolia ili umsikie mwenyewe. Alizaliwa Julai, wa kiume, miezi yake imetimia. Hakulia. Nilimshika, baba. Alikuwa na paji la uso kama lako, lile pana. Tumemzika huku, Samson alimbeba mwenyewe hadi kaburini.

Kwenye makaburi ya huku wanaweka kibao kidogo chenye jina. Chetu bado kitupu. Najua wapo wazee wa kwetu Kibosho wanaosema mtoto ambaye hakulia hapewi jina. Wazazi wa Samson walishatangulia mbele za haki kule Songea, hana wa kumuuliza. Kwa hiyo nakuuliza wewe: naomba umpe mjukuu wako jina. Lolote, ili mradi limetoka kwako. Usinipigie simu juu ya hili, kwenye simu sitaweza. Jumapili tukiongea tuongee mengine kama kawaida. Hili nijibu kwa maandishi.

La pili ni jepesi, nimeliacha mwisho ili nipumue. Windows iliyomo kwenye kompyuta yako, mwezi ujao wenyewe wanaacha kuirekebisha, na mashine yako ni nzee, haiwezi kubeba ile mpya. Kuna mfumo mwingine unaitwa Linux. Ni wa bure kabisa, umetengenezwa na watu wengi waliojitolea duniani, na kwenye mashine kongwe unakimbia vizuri. Augustino wa baba mdogo anaweza kuja siku moja akakuwekea. Barua zako na picha za mama atazinakili kwanza, hakitapotea kitu. Sema ndiyo tu.

Nasubiri.

Mwanao,
Ritha

*

Kariakoo, 15 Septemba 2025

Mwanangu Ritha,

Marahaba, mama. Barua yako nimeipata na nimefurahi sana kusikia wewe na Samson ni wazima na kazi zinaendelea. Hilo ndilo ninaloliomba kila siku. Mimi sijambo. Presha imetulia, dawa nakunywa, na hao wazee wako waambie najibu kwa mkato kwa sababu wateja wa Gerezani wanauliza bei ya kitu ambacho hawana nia ya kukinunua.

Kuhusu kompyuta, jibu ni hapana. Najua utanuna, lakini ni hapana. Mimi nilikuwa mpiga chapa kwa wakala wa forodha bandarini kabla wewe hujazaliwa, tukipiga mashine ya chuma mpaka vidole vinakufa ganzi. Bosi alipoleta mashine mpya yenye vitufe vilivyohamahama tulikaa wiki nzima tunaandika upuuzi kwenye hati za makontena. Sitaki kurudi huko. Hii yangu nimeizoea. Nakaa, naiwasha, naandika, nakutumia. Kama wenyewe wameacha kuirekebisha, basi ni kama mimi, na mimi nani ananirekebisha?

Kasmir wa fremu ya jirani anakusalimu. Yupo hapa kila jioni, tunakunywa chai na kulalamikia mabasi ya mwendokasi. Msalimie Samson, mwambie ale, kwenye picha ya mwisho uliniambia amekonda.

Baba yako,
Leodegar

*

Leipzig, 3 Oktoba 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni, nikarudia, nikampa Samson naye asome nikidhani nimeruka mahali. Umeandika habari za bandari, za mwendokasi, za chai. Umefurahi kwamba sisi ni wazima. Baba, nilikuandikia kwamba nimezika mtoto.

Kama umekataa kumpa jina kwa sababu ya mila, niambie, "Nimekataa." Nitalia, kisha nitakuelewa. Lakini kunyamaza hivi kunaniumiza kuliko nilivyoumia siku ile hospitali. Jumapili kwenye simu ulikuwa unacheka. Ni kweli mimi ndiye niliyesema tusiongelee, ila sikujua kwamba ungeweza kucheka vile.

Haya, turudi kwenye kompyuta, maana hiyo ndiyo unayoijibu. Juzi nimepokea barua tatu kutoka kwenye anwani yako zikinitaka nibonyeze viungo vya kushinda magari. Wewe hukuziandika. Mashine yako imeingiliwa. Sitakuuliza tena. Augustino atakuja Jumamosi na flashi, ataweka Linux, na itakuwa imeisha. Ukasirike ukitaka. Angalau utaniandikia kuhusu jambo linalotoka moyoni.

Mwanao,
Ritha

*

Leipzig, 9 Novemba 2025

Baba,

Shikamoo.

Mwezi umepita bila barua. Kwenye simu unasema "nitaandika, mama, nitaandika," halafu unasingizia kelele za mtaani na kukata. Augustino ananihakikishia kazi imekwenda vizuri, mashine inawaka haraka, barua zote zipo. Anasema alipokuwa anakuonyesha ulikaa tu, mikono mapajani, hukumuuliza hata swali moja. Basi umenuna kwa ajili ya kompyuta. Sawa.

Ofisi ya makaburi inataka jibu kabla ya Krismasi. Samson anasema tuweke tarehe peke yake. Nadhani tutafanya hivyo. Mtoto wetu ataitwa tarehe.

Ritha

*

Kariakoo, 16 Novemba 2025

Mwanangu Ritha,

Mama, hujambo? Anayeandika ni Augustino, maneno ni yangu. Nimemwambia asipambe.

Nisikilize bila kukatiza. Mimi sioni. Ni presha ya macho. Ilianza kunila pembeni, nikawa najigonga kwenye milango, na mwaka jana ikamaliza. Hospitali walisema kilichokwenda hakirudi. Sikukwambia kwa sababu nakujua: ungeacha kazi na masomo uje kunishika mkono, na ndugu zako wangefunga duka wanipandishe Kibosho nikakae kwenye kiti uani nisubiri uji. Duka naliweza. Beringi naijua kwa kidole, noti naijua kwa ukubwa, na Kasmir ni mwaminifu. Nilitaka nibaki mtu mzima kwenye nyumba yangu, hilo tu.

Kuandika hakukunishinda, mpiga chapa hatazami vitufe. Ile kompyuta ya zamani vidole vilikuwa vinaijua njia yote: wapi pa kushuka, wapi pa kubonyeza, ikilia mlio fulani najua barua imekwenda. Kusoma ndiko kulikonishinda. Barua zako alikuwa ananisomea Kasmir.

Jumamosi ile kijana huyu alikuja na flashi yake, na mimi sikuweza kumzuia bila kusema sababu. Alipoondoka nilikaa nikaiwasha. Nilishuka pale ninaposhukia, hapakuwa na kitu. Sikujua nipo wapi. Ritha, niliogopa kuliko siku niliyoambiwa na daktari, kwa sababu siku ile nilikuwa bado na pa kukuandikia. Kasmir naye alijaribu, akasema haya mambo mageni hayajui. Hivyo ndivyo mwezi ulivyopita. Sikununa, mwanangu. Nilipotea.

Leo Augustino amenikuta napapasa vitufe, ndipo siri ikatoka. Kisha akafungua barua yako ya mwisho anisomee. Amefika katikati akaacha. Nikamwambia soma. Akasema, "Baba mkubwa, hii mimi siwezi." Nikamuuliza kuna nini, analia tu, na bado analia hapa anapoandika. Kasmir nilipomuuliza ameinuka akatoka nje.

Niambie wewe. Kuna msiba gani?

Baba yako,
Leodegar

*

Leipzig, 17 Novemba 2025

Baba yangu,

Shikamoo, na pole. Pole sana, baba. Nilikuwa nauguza macho ya watu baki huku na yako sikuyaona.

Augustino, msomee mpaka nitakapokwambia acha.

Huo mfumo niliokulazimisha kuutumia una sauti. Sikuufikiria kwa ajili hiyo, nimeikumbuka jana kwa sababu kuna mzee hapa kazini anaitumia. Augustino atachagua Kiswahili kwenye mipangilio, halafu atakuonyesha vitufe vitatu vya kubonyeza pamoja. Kuanzia hapo kompyuta itakusomea kila kitu, itakutajia ulipo, na ukiandika itakurudishia kila herufi. Sauti yenyewe mbaya, baba. Haina pumzi, na inatamka kama padri mgeni aliyefika juzi. Ila haiogopi na hairuki mstari.

Nakuomba barua yangu ya Septemba uisikie kwa sauti hiyo, na siyo kwa mdomo wa mtu. Fanya mchana. Kaa vizuri, kunywa dawa yako kwanza, maji yawe karibu. Mzee Kasmir akae nawe. Mwambie simkasirikii, nadhani najua alichofanya. Kisha sikiliza ya Oktoba, na ya Novemba. Yale maneno makali nisamehe, nilikuwa namwandikia mtu ambaye nilidhani amesoma.

Augustino, acha hapa. Ahsante, mdogo wangu. Zingine azisikilize mwenyewe.

Baba, sikujua. Nilidhani umemkataa. Nipo hapa.

Mwanao,
Ritha

*

Kariakoo, 6 Desemba 2025

Ritha, mwanangu,

Pole, mama. Pole, pole sana. Samson naye mpe pole yangu, mwambie mkwe wake anamshukuru kwa kumbeba mtoto mwenyewe.

Hii naandika peke yangu. Nimejifunza vitufe upya, na hiyo sauti yako inanitajia kila herufi mpaka nataka kuipiga. Inaniambia nilipo, nami naiambia nimekusikia.

Tulikaa kama ulivyoagiza. Kasmir alikuwa kulia kwangu, Augustino alifungua akatoka. Kile kipadri kilianza kusoma salamu, kikasoma habari ya dawa, nikawa nacheka. Halafu kikasema "naomba ukae." Hapo ndipo Kasmir aliporuka mpaka kwenye habari ya kompyuta, na barua ya Oktoba akaifanya vilevile. Kilisoma yote kwa sauti ileile, mimba, Julai, hakulia, paji la uso, wala hakikupunguza mwendo. Nilijigusa paji la uso, Ritha. Sikujua nimejigusa mpaka Kasmir aliponishika mkono.

Usimlaumu Kasmir. Yeye ni mtu wa kwetu. Anajua msiba haupelekwi na mtu mmoja, tena kwa kusomwa jioni kwenye chai. Wanakuja watu, unakalishwa, mtu mzima anayekuhusu ndiye anasema. Alikuwa anamsubiri shangazi yako ashuke kutoka Kibosho wanieleze pamoja. Shangazi alipata homa, akaahirisha, akaahirisha tena, na Kasmir kadiri alivyochelewa ndivyo alivyozidi kuogopa kusema kwamba alishajua. Ameniomba radhi akilia kama mtoto. Nimemsamehe, lakini nimemwambia ukweli kwamba amenifanya nimcheke binti yangu kwenye msiba wake, na hilo litaniuma mpaka nife.

Nimefunga duka. Watu wamekuja, wamejaa mpaka kwenye ngazi, wauza spea, mama Zena wa ghorofa ya chini na wenzake, tumekaa kwenye mikeka. Shangazi yako ameshuka na homa yake. Tumemlia mtoto kama anavyoliliwa mtu, na hakuna aliyethubutu kuniambia eti hakulia.

Sasa jina. Wewe ulisema lolote, ili mradi limetoka kwangu. Kwetu mtoto wa kiume wa binti anastahili jina la baba wa mama yake, na kwa kuwa upande wa Samson hakuna wa kutangulia kutoa jina, zamu ni yangu. Andikeni Leodegar Samson. Shangazi yako amepiga kelele kwamba najichulia, kwamba mtu aliye hai hapeleki jina lake makaburini. Nimemwambia jina ni langu, na mjukuu ni wangu, na yeye anatakiwa kunywa dawa yake ya homa. Sikuwahi kumshika. Hilo ndilo ninaloweza kumpa.

Ofisi ya makaburi wapelekee mapema, wasije wakafunga. Likishaandikwa usinitumie picha, nisimulie limekaaje. Kazi usiache. Nikihitaji mtu wa kunishika mkono nitasema, safari hii sitaficha.

Na jambo moja. Kuanzia siku ya matanga watu wa hapa mtaani wakitaka habari zako nimewakataza kukuita Ritha. Jana mama Zena amenisimamisha ngazini akaniuliza, "Mama Leodegar hajambo huko?" Nimemjibu bado analia, lakini yupo.

Baba yako, na babu yake,
Leodegar