Sentensi Moja katika Maelezo ya Kazi Yako

Papa,

Kesho asubuhi nitasimama mbele ya mkurugenzi kueleza kwa nini depo ya Beni iliachwa bila mtu wakati wa mapigano. Wewe uliisimamia depo ile mpaka ugonjwa ulipokuchukua msimu wa mvua uliopita, na sentensi inayonipeleka mbele ya mkurugenzi niliiandika kwa ajili yako. Ni haki basi nikujibu wewe kwanza, kwa kuwa ulikuwa wa kwanza kuipinga.

Utakumbuka hali niliyoikuta hapa Butembo nilipotoka chuo kikuu na shahada yangu ya utawala, nikapewa kazi ya hati katika ofisi kuu ya kampuni yako. Kampuni ilinunua kahawa ya Kipese na kakao ya Beni kwa utaratibu mzuri, lakini hati zake hazikuwa na mwenyewe. Fomu ya likizo ya ofisi kuu bado ilibeba jina la Zaire, nchi ambayo haikuwepo tena. Ile ya Beni ilibeba kichwa kilichoamriwa na wakubwa waliokwisha kufukuzwa mjini. Dereva mmoja alikuwa na maelezo ya kazi ya namna mbili, na kila bosi alimsomea yale yaliyomfaa yeye bosi. Nikaweka kanuni: kila hati iwe na namba ya toleo, badiliko lolote katika maelezo ya kazi lisiwe na nguvu mpaka mwenye kazi atie sahihi, toleo la zamani likusanywe na kufutwa. Mezani kwetu, mtaani Mususa hapa Butembo, ulinisikiliza mpaka mwisho, ukamega bugali, ukasema:

"Mambo ya kuandika iko muzuri. Lakini ile siku masasi italia, nani atasoma?"

Nikakujibu kwamba siku risasi zinapolia ndiyo siku mtu anahitaji kujua kazi yake inaishia wapi. Mama akatuamuru sote wawili tule.

Kanuni yangu iligonga mwamba kwenye jambo dogo: karatasi. Barabara zilipofungwa, rimu moja ikawa kitu cha anasa. Ikabidi matoleo ya zamani niliyokuwa nimeyakusanya niyapige mstari mwekundu wa mshazari, kisha matoleo mapya yachapwe migongoni mwao. Kwa kila kitabu cha utawala nilichokisoma hilo ni kosa kubwa, kwa sababu toleo lililofutwa halipaswi kubaki machoni pa mfanyakazi. Lakini vitabu vile viliandikwa na watu ambao karatasi haijawahi kuwaishia.

Ndivyo nilivyopanda lori kuja Beni na ukurasa wako wenye pande mbili. Upande wenye mstari mwekundu ulisema kwamba msimamizi wa depo atabaki na mali ya kampuni katika hali yoyote. Upande mpya, wangu, ulisema kwamba mapigano yakikaribia, msimamizi atawaondoa wafanyakazi na kuondoka pamoja nao, kwa kuwa uhai wa mtu unatangulia mali. Uliusoma umesimama, katikati ya magunia.

"Kambale, donc unaniandikia nikimbie?"

"Ninakuandikia uishi, Papa."

"Mie ni mutu ya kukimbia? Hii kakao ni ya bakulima. Balinipatia mie, hapana wewe."

Mpakiaji mmoja aliyekuwa amelala juu ya magunia akainua kichwa. "Papa, usimukasirikie mutoto. Alisoma miaka yote ile juu ya mbio!"

Depo nzima ilicheka. Nawe ulicheka, ingawa uliziba mdomo kwa mkono. Ulitia sahihi, nadhani kwa sababu sikuonyesha dalili yoyote ya kunyamaza. Kisha ukaibandika karatasi ukutani, upande wenye mstari mwekundu ukiwa nje. Nilipolalamika kwamba hilo ni kinyume cha utaratibu, ulisema kila mtu asome upande anaoupenda.

Mapigano yalipofika, uliwaondoa wapakiaji kama toleo jipya lilivyosema, nawe ukabaki kama la zamani lilivyosema. Ulizitii pande zote mbili za karatasi. Sijawahi kuona mfanyakazi wa namna hiyo katika maandishi ya mtaalamu yeyote. Askari waliingia, wakala maharagwe yako, wakabeba mizani na redio, wakaenda zao. Kakao ilisalimika. Kanisani walimshukuru Mungu kwa ajili yako kwa wimbo mzima. Mimi niliyekuwa nawe nyumbani uliporudi Butembo niliona lingine: ulikuwa umekonda, na kwa muda mrefu ulishtuka kila mlango ulipofungwa kwa nguvu.

Ndipo mkurugenzi akakuita ofisini, nami nikiwepo na faili yangu. Alikuwa ameandaa toleo la tatu. Aliirudisha sentensi ya kubaki, akataka iwe kiolezo kwa wasimamizi wa depo zote. Kwa kanuni yangu mwenyewe, badiliko hilo lilihitaji sahihi yako.

"Mzee, wewe ni mufano," alisema. "Tunataka bagérant yote bafanye kama wewe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja ndefu juu ya mipaka ya mamlaka ya mwajiri. Ulivua miwani, ukaisogeza karatasi mpaka upande wake wa meza.

"Bwana Directeur, mie nilibaki juu nilitaka. Na nilikuwa na woga mpaka nikajikojolea. Kitu ile, hapana kuandikia mutu mwingine."

Toleo la tatu likarudi kwenye droo bila sahihi, yaani halikupata kuwepo. Tulishuka ngazi, nami nikiwa na hoja zangu zote bila mtu wa kubishana naye.

Baada ya kukuzika tulimwajiri Mama Kavira mahali pako. Nilipompa maelezo ya kazi, aliyasoma mara mbili, akaniuliza: "Hii ni ya kweli, ao ni ya kupamba ukuta?" Nikamwambia ni ya kweli. Mwezi huu milio ilipokaribia, aliifunga depo, akawapakia wafanyakazi wote katika lori, akaja nao Butembo. Wote wamefika wazima. Depo imeporwa mpaka milango yake.

Jana mkurugenzi alifunga mlango wa ofisi yake, akaniambia: "Papa yako alibaki. Andika tu kama alikubali ile toleo ya tatu. Amekufa, nani atabisha?"

Nilimjibu kwamba nitabisha mimi, na kwamba kazi hiyo naiweza. Hakucheka. Amenipa mpaka kesho. Nikiandika anavyotaka, toleo nililompa Mama Kavira litahesabiwa kuwa lilikwisha kufutwa, naye atahesabiwa kuwa ameitoroka kazi na kufukuzwa, na kila atakayekalia kiti chako atabakizwa pale kwa jina lako. Nisipoandika, naelewa kwamba meza yangu itapata mtu mwingine asiye na shahada na asiye na ulimi. Sitaandika. Si kwa ushujaa. Nakataa tu kulitumia neno lako ambalo hukulitoa.

Lakini usidhani najiona nimekushinda. Wakulima wa kakao ile walikuja mlangoni mwa ofisi juzi, wanaume na wanawake waliokuwa wakikuletea wewe mavuno yao kwa sababu walijua huondoki. Mama mmoja aliniuliza kwa upole kama kampuni ilikuwa imemkataza mtu kulinda jasho lao. Nilizijua sababu zote, na sikumpa hata moja. Hapo una hoja, Papa, na mpaka ninapoandika haya sijapata jibu lake.

Najua vilevile kwamba ungekuwa hai ungebaki tena. Nami ningekuja tena Beni kukuambia uondoke, ungekataa, na tungegombana mpaka mmoja wetu achoke. Ningeikubali safari hiyo hata leo.

Pumzika salama. Mama anakusalimu, na kaburi tumelipalilia.

Mwanao, Kambale