Nukuu ya Mondher

Hayet, nimejifungia kwenye choo cha maktaba. Sitoki.

Leo ulikuwa mkutano wetu wa wahariri wa wiki, ile kamusi elezo ya mtandaoni, hapa Sfax. Mondher, yule bingwa wa kufuta kazi za watu, katuweka kitako saa nzima eti anatufundisha kunukuu. "Nukuu ndefu ijitenge kwenye fungu lake, na mwenye maneno atajwe!" Kidole juu, kama sisi watoto wa chekechea.

Akaonyesha mfano wake ukutani: makala ya tanuri la mkate la mtaani kwetu. Fungu kubwa, limejitenga: "Manahodha waliijua bandari kwa harufu ya mkate wake." Chini yake, jina la mwandishi wa gazeti.

Maneno yangu, Hayet! YANGU! Niliyaandika kwenye makala hiyohiyo miaka mitatu iliyopita. Gazeti likaiba, na huyu mjuaji kayarudisha nyumbani kwa jina la mwizi!

Nikasema, "Hayo niliandika mimi." Akacheka. "Una chanzo, dada?"

Chanzo! Cha maneno yangu mwenyewe!

Nikafungua historia ya ukurasa mbele ya wote. Tarehe hii hapa, jina langu hili hapa. Jitu zima likanywea.

Nikatamba kama dakika moja. Kisha Bi Zohra, mwenyekiti wetu, akaniuliza kwa upole, "Na wewe binti yangu, uliyatoa wapi?"

Hayet, si wewe ndiye uliyenihadithia, tukila mkate palepale tanurini? Niambie ulisoma mahali.

Mbona naona unaandika, unafuta, unaandika, unafuta?