Maziwa ya Concessa

Kamembe, 14 Mei 2000

Kwako Maman mpendwa, huko Uvira,

Assalam alaikum. Kwanza nauliza goti lako, kisha nauliza usingizi wako, maana nasikia huko kwenu bunduki bado zinawaamsha watu. Papa Karim yuko sokoni kwenye cherehani yake, anakusalimu kwa heshima zote. Mimi mwezi wangu wa kujifungua umefika, nakaa kwa shida na kuinuka kwa shida zaidi. Na Karim, Maman, Karim ni mzima! Nakuandikia hilo mapema usije ukasoma barua hii roho juu.

Najua habari zilizokufikia. Ulimtuma Mzee Kamali, yule dereva wa lori la simenti, aniulize mjukuu wako anapataje bwaki, ugonjwa huo wa utapiamlo, na baba yake ana kazi. Neno hilo liliniuma, lakini hata mimi niliamini ni bwaki. Nilipojua nina mimba nilimwachisha Karim ziwa siku ileile, kama mlivyotufundisha, kwamba maziwa ya mwenye mimba humharibu mtoto. Haukupita muda, tumbo lake likaanza kuvimba. Majirani, bila kuulizwa, wakasema ndiyo hayo, mtoto amelilia ziwa, mpe maharage, mpe mayai, mpe samaki wadogo wa sambaza. Nikampa vyote. Mikono ikazidi kukonda na tumbo likazidi kutoka.

Wakati huo watu wa utafiti walikuja kituo cha afya kutafuta watoto wenye bwaki. Walitaka kujua uji gani unawarudishia nguvu upesi, wa sosoma, ule unga wa soya, mtama na mahindi, au wa maziwa ya unga. Nilikwenda nimejitanda ushungi hadi puani kwa aibu. Aliyetupokea ni Dokta Eugénie, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Kila wiki aliwapima watoto kilo na kuwabonyeza matumbo. Ya watoto wengine yakalainika, la Karim likabaki gumu upande mmoja. Siku moja aliurudisha mkono palepale, kisha akaniambia hii si bwaki, ni kansa ya figo. Akasema sikumnyima chakula chochote, wala kumwachisha ziwa hakukuleta uvimbe ule. Nililia sana, na sijui kama nililia kwa ajili ya kansa au kwa kuondolewa ile aibu.

Yeye mwenyewe alitupeleka hospitali kubwa, ambako yeye na wenzake walikuwa wanachunguza jinsi watoto wachanga wanavyovumilia dawa za kansa. Walinieleza wazi: sindano kwanza, kisha kuitoa figo, kisha sindano tena, wengine wanapona, wengine hapana, na nikikataa utafiti watamtibu vilevile. Tulikubali. Lakini sindano zilimkinaisha Karim kila kitu. Uji anatapika, maziwa ya kopo anatapika. Dokta akasema asipoongeza uzito hawezi kuchomwa sindano nyingine wala kupasuliwa, na uvimbe hautamsubiri.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo Concessa, mkulima wa mpunga kutoka Bugarama, Mkatoliki, na binti yake Umuhoza aliyekuwa na uvimbe jichoni. Umuhoza alikuwa bado ananyonya. Karim alimtazama akinyonya, akaanza kulia kwa ile sauti yake iliyokwisha. Concessa akaniuliza kama najua Mungu alimpa maziwa mawili ya nini.

Niliogopa. Wewe unajua dini yetu: anayenyonyesha ni mama, watoto wake ni ndugu, na undugu huo haufutiki. Papa Karim akaenda kwa shehe, akajibiwa kwamba maziwa hayana msikiti wala kanisa, mradi tuukumbuke undugu. Dokta naye akataka damu ya Concessa ipimwe kwanza, ikawa safi. Nilipomweleza mambo ya undugu, Concessa alicheka, akasema basi amejipatia mtoto Mwislamu, na sasa Noeli atampikia nini huyu asiyekula nguruwe! Karim akanyonya, na hakutapika. Kilo zikapanda, sindano akachomwa, figo wakaitoa, akaamka salama.

Sasa kaa vizuri, Maman, nikwambie ambalo sikutaka Mzee Kamali akwambie kwa mdomo. Umuhoza alifariki. Dawa hazikumsaidia. Bimenyimana, mume wa Concessa, alikuja kuchukua maiti, wakashuka Bugarama kuzika. Karim alikuwa amebakiza sindano za mwisho. Sikuthubutu kumtumia Concessa neno. Utamwomba nini mwanamke aliyetoka kuzika? Karim akarudia kutapika, kilo zikashuka, Dokta Eugénie akaacha kunitazama usoni.

Ndipo asubuhi moja Concessa akaingia wodini amejifunga kikwembe chake cha msiba, kifua kimelowa maziwa. Hakunisalimu. Alimchukua Karim, akakaa, akamnyonyesha huku machozi yakimdondokea mtoto kichwani. Baadaye ndipo aliponiambia kwamba kule nyumbani watu hawajui tena wamwite nani. Wanaanza kusema Maman Umuhoza, wanaishia njiani. Akasema si mimi niliyemwambia ana mtoto mwingine? Atakaaje msibani na mtoto wake ana njaa hospitalini?

Yarabi! Nilisimama mbele ya manesi wote nikamwita Maman Karim. Ndiyo, Maman, nimeligawa jina langu. Nikisema sikuona wivu nitakuwa mwongo, maana mtoto akiamka alimtafuta yeye kwanza. Lakini aliamka! Sindano zimekwisha, uvimbe hauonekani, tutaendelea kurudi kupimwa. Nawashukuru madaktari kila sala, na Concessa namtaja kabla yao.

Nakuomba jambo moja. Barabara ya Kamanyola ya kuja huku ikitulia, kabla hujafika kwangu pita Bugarama. Mchukulie dagaa, wale ndagala wazuri wa Uvira. Usiulize Concessa, uliza Maman Karim, watu wa mpunga wote watakuonyesha. Ukimwona mwite mwanangu, kama unavyoniita mimi.

Mgongo unaniuma, naishia hapa. Wasalimie shangazi na majirani, na utuombee nijifungue salama.

Mwanao akupendaye,
Zubeda Mukarugwiza,
Maman Karim wa Kamembe