Supu Tu, Nyama Wape Watoto

Brenda amezaa! Msichana, kilo tatu na nusu, nywele kichwa kizima, na amezaa mwenyewe bila kisu kumgusa. Wiki mbili sasa.

Ndiyo, Baba Brenda, sijakusalimia. Salamu ni za mtu aliyeaga kabla ya kuondoka. Wewe hukuaga. Pokea habari kwanza, salamu zitangoja.

Nimekasirika na wewe, tena sana. Wamama wa kanisa wananiambia kumkasirikia marehemu ni vibaya. Nimewaambia marehemu wangu anaijua sauti yangu, nikimwandikia kwa upole atadhani barua imekosea mlango.

Siku ya tatu baada ya kuzaa, Brenda alinipigia simu kutoka kwake, mtaani Pipeline, akilia. Maziwa yalikuwa yamekataa kushuka. Mtoto analia, mama analia, na mkwe wako nasikia amesimama tu katikati ya nyumba na kijiko mkononi. Jirani alikuwa amewakorogea supu ya pakiti. Supu ya pakiti, mtoto wangu mimi! Nikamwambia mwaga hayo maji ya manjano, nikupikie nini? Akasema, "Mama, nataka ile supu ya Baba."

Supu ya Baba. Mimi ndiye nimechagua kuku, nimenyonyoa, nimebabua, nimesimama jikoni macho yakitoka machozi ya moshi miaka yote hiyo, halafu supu ni ya Baba!

Tangu tukuzike, miezi minane, nilikuwa sijapika kuku. Niliapa. Ile sufuria kubwa nilimpelekea Mama Zaituni mlango wa tatu, nikamwambia akae nayo, sitaki kuiona machoni. Sababu unaijua. Kama hujui, leo utasikia, kwa sababu huko uliko huwezi kuinuka ukaenda kutazama habari kama ulivyozoea nikianza.

Unaikumbuka Pasaka ile? Nilikuwa nimepika kuku wa kienyeji kutoka kwenu, jogoo mwenye miguu kama ya askari. Nikakuwekea imondo kwenye sahani. Imondo, firigisi ya kuku, kitu ambacho marehemu mama yako alinifundisha nisikionje hata kwa ncha ya ulimi, kwa sababu ni cha mwenye nyumba. Ukaiangalia. Ukaichukua kwa vidole, ukaiweka kwenye sahani ya Brenda, mbele ya watu wote. "Huyu amemaliza ualimu," ukasema. "Leo yeye ndiye mwanamume wa nyumba hii."

Ndugu yako Wycliffe alidondosha kijiko. "Kaka! Imondo kwa msichana?"

Mimi nilitaka kupiga vigelegele. Nilisema, mnaona mume wangu? Mnaona mwanaume wa huku mtaani Umoja anavyoheshimu binti yake? Niliwaambia wamama wa chama chetu cha kuchanga pesa, niliwaambia wa kanisa, nilimwambia hata yule wa kuuza makaa. Hakuna mwanaume wa kwenu anayetoa imondo yake hivi hivi. Hilo ndilo lingeniamsha. Mimi nikalivaa kama kitenge kipya.

Baada ya hapo ukaanza: "Mama Brenda, nipe supu tu, nyama wape watoto." Kila siku supu. Ugali ukaacha, chapati ukaacha. Kazini kwenye karakana ulikuwa unabeba supu kwenye chupa ya chai, na Jumapili nikikuwekea chai kwenye chupa ile ile unasema, "Chai yako leo imewika." Tunacheka. Baba Brenda, tulikuwa tunacheka na wewe unakufa!

Nilikuwa natembea kifua mbele. Mume wangu ameacha ugali kwa sababu ya mkono wangu! Niliwapa wamama wote mapishi bila kuulizwa: kuku umnyonyoe, umbabue kwenye jiko la makaa mpaka ngozi inukie, tangawizi uiponde usiikwangue, nyanya moja tu, chumvi mwisho, dania ukishaepua. Moto mdogo, na usifunuefunue.

Ni Mama Zaituni peke yake aliyeona. Siku chama kilipokaa kwangu, wewe ukiwa pale kwenye kiti chako na bakuli, aliniinamia akaninong'oneza, "Mama Brenda, mumeo anakunywa. Mbona simwoni akitafuna?"

Unajua nilimjibu nini? "Wako hata kunywa hanywi chako."

Miezi miwili sikumpa salamu. Nilisema ni wivu.

Halafu Agosti, hospitali. Daktari, kijana mdogo wa kuwa mtoto wetu, akakuuliza, "Mzee, chakula kimeanza kukwama lini?" Ukaniangalia mimi badala ya yeye. Ukasema, "Tangu Pasaka."

Tangu Pasaka. Kwa hivyo imondo haikuwa heshima. Haikuwa Brenda wala ualimu wake. Ilikuwa haipiti.

Ulinifanya nijivunie ugonjwa wako. Hilo ndilo siwezi kulimeza. Kama ungepigwa na gari ningelia kama wajane wengine. Lakini wewe ulikaa mezani kwangu, ukainua bakuli langu, ukanisifu, na ndani ya hiyo sifa ulikuwa unajificha. Ulipoulizwa hapo mwanzo kwa nini unakohoa ukila, ulisema jino. Jino! Daktari alisema ungekuja mapema angekuwa na la kufanya. Hakusema angekuponya, sitamwekea maneno. Alisema angekuwa na la kufanya. Mimi ningekubeba mgongoni kwenda huko, unajua mwili wangu huu, ningeweza.

Brenda naye, mpaka leo anasema, "Mama, mimi niliikula ile imondo." Kama vile alikunyang'anya. Umeona kazi uliyoniachia?

Basi nikaenda kwa Mama Zaituni. Nilisimama mlangoni, kuku mkononi, nikasema nimekuja kuchukua sufuria. Halafu nikasema, na lile neno la siku ile, dada yangu, nilikosa. Akaniuliza, "Neno lipi?" Analijua vizuri sana, macho yake yalikuwa yanacheka. "Ingia. Mzee wangu akuchinjie huyo kuku, na mimi nisikose kikombe changu."

Nikapika. Nilibabua kuku, ule moshi wa ngozi ukaingia nyumba nzima, nikasikia kama mtu anafungua geti. Nilifunika sufuria, nikakaa chini kwenye ndoo, nikalia. Sasa umefurahi? Usifurahi. Nilikuwa nalia kwa hasira.

Nikaipeleka Pipeline kwenye chupa ile ile ya chai. Orofa ya nane, Baba Brenda, hakuna lifti, magoti yangu haya. Kila orofa nilipumzika nikakutukana kidogo. Brenda akanywa vikombe vitatu, jasho likamtoka puani, akalala. Alipoamka, nguo ilikuwa imelowa kifuani. Wauguzi watasema ni maji mengi na usingizi. Mimi nasema ni supu, na anayebisha aje aonje.

Mtoto alipowekwa kwenye titi, niliinama karibu. Nilisikiliza koo lake. Linameza. Glu, glu, kidogo anapumzika, glu. Nilikaa pale sijui muda gani, nasikiliza mtu wa damu yako akimeza, na hakuna kinachokwama. Ana taya lako. Akishika haachi.

Sasa nikuambie kilichonifanya nichukue kalamu. Watu wote wanakuja kumwona mtoto kwangu, Brenda atakuwa ameshuka. Juzi Wycliffe akapiga simu kuthibitisha. Nikamtania, nikamwambia sasa wewe ndiye mkubwa wa boma, imondo ni yako, uje na meno. Akacheka. Halafu akasema, "Shemeji, mimi uniwekee supu tu. Nyama wape watoto."

Nikamuuliza, Wycliffe, leo umekula nini? Akasema uji. Jana? Uji. "Ni jino tu, shemeji, linanisumbua."

Baba Brenda, jino! Labda ni jino kweli. Watu wana meno, meno huuma. Lakini mimi nimeshasikia hilo jino mara moja katika maisha yangu na sitalisikia tena nimekaa kitako. Kwa hivyo nimepanga. Mama Zaituni nimemwambia akae upande ule mwingine wa Wycliffe, yeye ana macho. Nitampa ndugu yako imondo nzima, kubwa, ya jogoo. Ataitafuna mbele ya watu na ataimeza, nami nitakuwa namwangalia koo. Ikipita, nitapiga vile vigelegele nilivyoweka tangu Pasaka ile. Isipopita, akiisogeza kwenye sahani ya mtu mwingine kwa maneno matamu, hatalala kwake. Atalala hapa sebuleni, mlango nimeufunga mimi, na Jumatatu asubuhi tutaingia hospitali pamoja, akitaka asitake, hata kama nitambeba.

Hiyo ndiyo ahadi yangu. Katika nyumba hii hakuna mwanaume mwingine atakayekufa akinisifu.

Lala, Baba Brenda. Bado nimekasirika, lakini lala. Mjukuu wako bado hana jina, tunangoja watu wafike. Sufuria nimeisugua mpaka inang'aa, jogoo amefungwa mguu hapo nje na anawika kama chai yangu. Brenda anakuja, mkwe anakuja, Mama Zaituni na mzee wake wanakuja, na Wycliffe anakuja na hilo jino lake, wote, Jumamosi saa sita.