Sahani ya Berthe

Masika, uko? Hii message usiionyeshe mutu.

Unakumbuka vile nilikuambiaka Berthe, muke ya kaka yangu, anamutilia baba sumu? Tangu tukimbie vita ya Kirumba tukuje hapa Mulekera, njo yeye anapika, na baba anakauka tu, anatapika. Nilifika kunusa ata chumvi yake. Miezi sita namulazimisha aonje kila sahani kwanza, mbele ya wageni. Mbele ya wageni, Masika!

Leo docteur anatuambia: ni kansa ya tumbo. Baba ata hakushituka. Anatoa mu koti yake karatasi ya hopitali ya Butembo. Walimupima kabla vita ifike kwetu. Alijua!

Eti: "Kama mungejua, mungekatala kukimbia sababu yangu."

Namuuliza: "Na Berthe, baba?" Anakunja karatasi, anairudisha mu koti. Lakini kweli, alikuwa anaona yote na ananyamaza? Sasa namuangalia baba vile nilikuwa namuangalia Berthe.

Tumefika nyumba sasa hivi. Berthe analeta sahani ya baba, sombe ya majani ya muhogo. Bado sikumuambia ile ya docteur, naona haya.

Akaonja kwanza. Akaniangalia mu macho, akameza, njo akanipatia sahani.