Kangaruu humalizia kukua mfukoni

Kalundu, Uvira, 1955

Binti yangu Veronika,

Nakusalimu wewe na mwanao. Leo bandarini padri mmoja alinionyesha picha ya kangaruu, mnyama wa Australia. Muuza samaki akacheka: «Mwalimu, huyu mama iko anabeba mutoto mbele? Mugongo haiko?»

Nikamweleza kwamba mtoto wa mbuzi, au wa mtu, hukamilika tumboni. Wa kangaruu huzaliwa mdogo kama haragwe, kisha humalizia kukua katika mfuko wa mama yake, akinyonya.

Akaacha kucheka. «Na anapona?»

Anapona.

Mwanao alizaliwa wa miezi saba. Mfunge kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Desturi yetu husema asipewe jina mpaka apate nguvu. Usingoje. Mpe langu leo.

Baba yako, anayewaombea nyote wawili